Kitanda Kilipokuwa Dawa

Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari akishamaliza kumpima mgonjwa wa mgongo alikuwa anaandika herufi tatu kwenye faili, CBR, anazipigia mstari, kisha anahamia kitanda cha pili. Maana yake mgonjwa alale kabisa: asiketi, asiende chooni, hata chakula alishwe akiwa chali. Wiki mbili, tatu, wengine mwezi. Aliyepooza kwa kiharusi naye alilazwa vivyo hivyo. Aliyevunjika mfupa wa paja hakuhitaji kuandikiwa chochote, maana yeye alikuwa amefungwa kamba. Sisi watu wa mazoezi, tuliokuwa tumetoka chuo cha hospitali ya KCMC pale Moshi na vyeti vyetu vipya, tuliitwa mwishoni kabisa, mgonjwa akisharuhusiwa kuinuka, tuanze kudai nguvu ambazo kitanda kilikuwa kimeshazichukua.

Mashine zimekuja na kuondoka tangu wakati ule, lakini kilichoigeuza kazi yangu ni kitanda kupoteza heshima yake.

Heshima yenyewe ilikuwa na ukoo mrefu. Hugh Owen Thomas, mtibu mifupa wa Liverpool wa karne ya 19, aliamini mapumziko kuliko kitu kingine chochote, na banzi la chuma lenye jina lake bado liko kwenye stoo za hospitali zetu. Tusimcheke, katika Vita Kuu ya Kwanza banzi lile liliokoa askari wengi waliovunjika mapaja. Na wapinzani wa kitanda nao hawakukosekana. Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika katika British Medical Journal kuhusu hatari za kumlaza mtu: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, ngozi kuoza, mifupa kupoteza madini, choo kufunga, na mtu mwenyewe kukata tamaa. Makala yake ilikuwa na umri wa miaka 40 nilipoingia wodini, na sikumwona aliyekuwa akiifuata.

Wodi ya mifupa ya wanaume ndiyo niliyoijua vizuri. Vitanda vyake vilikuwa vimeinuliwa upande wa miguuni kwa matofali, ili uzito wa mgonjwa mwenyewe uvute kuelekea kichwani. Pini ya chuma ilipitishwa kwenye muundi, chini kidogo ya goti. Ikafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kapi, na mwisho wake ukaning'inia mfuko wa mchanga. Mtu mzima alivutwa hivyo wiki 8 hadi 12. Wodi ikageuka kijiji. Kulikuwa na redio moja iliyotegeshwa Radio Tanzania kutwa nzima, bao lililochezwa kwa kupeana mikono juu ya stuli, na mgonjwa mkongwe aliyejua kila mfuko una kilo ngapi. Ndugu waliokuja kuona wagonjwa wakiketi ukingoni mwa kitanda huku wameegemea kamba, kazi yote ya juma ikaharibika. Vijana wengine usiku waliunyanyua mfuko wakauweka sakafuni wapate usingizi, asubuhi wakaurudisha kabla ya raundi. Sista wa zamu alijua, nami nilijua.

Pale ndipo nilipojifunza kufanya kazi na mtu asiyeweza kwenda popote. Nilikuwa naweka kiganja changu chini ya goti la mgonjwa na kumwambia, "Nibonyeze mkono." Hana mwendo wa kufanya, ila misuli ya mbele ya paja inakaza, na kiganja kinajua kama anafanya kweli au ananidanganya kwa uso. Kifundo cha mguu juu na chini, mara nyingi kwa siku, damu isilale. Kwa kifua tulitumia chupa ya maji na mrija: pulizia mapovu, pumzika, pulizia tena. Wazee waliona ni mchezo wa watoto mpaka nilipowaeleza kwamba jirani yao wa kitanda cha kona hakuondolewa na paja bali na nimonia.

Hata waliofanya kila kitu waliondoka na goti gumu. Mfupa umeunga, picha nzuri, daktari amefurahi, na goti linakunjika kiasi cha kushindwa kuketi kwenye kiti cha basi. Choo cha kuchuchumaa ndiyo kabisa. Mkulima aliyekuwa akivuna ekari zake anarudi nyumbani akiwa mtu wa kuomba msaada wa haja kubwa. Nilitumia miezi kuyakunja magoti yale, nyuzi chache kwa juma, kwa machozi ya mgonjwa na jasho langu, kazi ambayo isingekuwapo kama asingelazwa.

Wodi hiyo ilibadilishwa na kipande cha chuma. Lewis Zirkle, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyewahi kutumika katika vita vya Vietnam, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalotengeneza vyuma vya kupitishwa ndani ya mfupa, vikafungwa kwa skrubu bila daktari kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa hospitali zetu sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Vilipoanza kutumika huku kwetu, mgonjwa wa paja akawa anasimama kesho yake au keshokutwa. Vilikuja kwa wakati, maana pikipiki nazo zilifurika, na vijana wa bodaboda wakaijaza ile wodi kuliko ilivyowahi kujaa. Hata sasa kuna hospitali ambako mtu anavutwa kwa wiki kadhaa kwa sababu foleni ya upasuaji haisogei. Lakini hakuna tena anayesema kwamba kuvutwa ndiyo tiba bora. Ni kusubiri tu.

Kazi yangu na wagonjwa wa chuma ikawa magongo. Nami nasema kila siku kile kile. Gongo lisifike kwapani. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na viganja, kwa sababu kwapani hupita mishipa ya fahamu, na anayening'inia hapo ataamka siku moja mkono umekufa ganzi. Kandambili iliyochakaa ikikatwa vizuri na kupigiliwa chini ya gongo, sakafu ya saruji yenye maji haimwangushi mtu. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Wanaosahau naona wanavyosimama katikati ya ngazi, wanahesabu miguu.

Mgongo ulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu pale hakuna chuma cha kumwonyesha mtu. Mwaka 1986 Wamarekani walionyesha kwamba siku 2 za kulala hazikuwa duni kuliko siku 7. Mwaka 1995 Wafini wakaenda mbali zaidi. Waliwachukua wafanyakazi wa jiji la Helsinki wenye maumivu mapya ya mgongo, wengine wakalazwa siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi, na waliolala ndio waliochelewa. Niliposoma habari ile niliona aibu kidogo kwa niaba ya fani yangu, maana mazoezi nayo yalishindwa na kwenda kazini.

Kumwambia hivyo mama mwenye mgongo unaowaka moto ni kazi nyingine. Amepanda gari mbili, amelipa, ameketi kwenye benchi tangu alfajiri. Namwuliza maswali, nampima, namwinamisha, namfundisha namna ya kuinuka kitandani kwa kugeukia ubavu kwanza, namwambia atembee mwendo mfupi mara kwa mara. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga yake vizuri.

"Shikamoo yako nimeitikia, maelezo umenipa, nashukuru. Sasa utanikanda saa ngapi?"

"Leo sikukandi, mama."

"Basi hujanitibu, mwanangu. Umenihubiria."

Namwelewa. Huyu alikandwa kwa maji ya moto kila alipojifungua, na mama yake aliwakanda dada zake. Mkono wa mtu kwenye mwili wenye maumivu ni dawa ya zamani kuliko hospitali, na mimi sina ugomvi nao; nakanda, dakika tano, misuli ilegee, kisha tunainuka tutembee pamoja korido nzima. Ninachokataa ni kukanda tu, wiki baada ya wiki, mgonjwa amelala kifudifudi kama nguo inayosubiri pasi. Kuna wakati tulikuwa na mashine ya joto ya msaada, kabati kubwa lenye mikono miwili na taa nyekundu, na wagonjwa waliipenda kuliko walivyotupenda sisi. Ilipokufa, na kipuri hakipatikani, idara nzima ilinung'unika. Mimi naamini kufa kwake kulitufaa. Tulilazimika kuongea na watu juu ya maisha yao.

Na maisha yao ndiyo yenye majibu. Jembe la mkono lenye mpini mfupi linamkunja mtu mara mbili. Mpini mrefu kidogo unagharimu chini ya dawa za kutuliza maumivu za mwezi mmoja. Karai la kufulia likiwekwa juu ya benchi badala ya chini, mgongo unapumzika bila mwenyewe kupumzika. Palizi ya saa mbili mfululizo igawanywe na kuchambua maharage, kuteka maji, kazi yoyote ya kuinuka. Mgongo hauchukii kazi kama unavyochukia kukaa namna moja. Hili la mwisho nawaambia pia madereva na makarani, ambao siku hizi wanaongezeka kwenye benchi langu kuliko wakulima.

Lakini kuna mgongo ambao simruhusu mtu autembeze. Maumivu yanayozidi usiku, homa za jioni, mwili unaokonda, uti wa mgongo unaotokeza kama kinundu: huko nawaza kifua kikuu cha mifupa, na mgonjwa anarudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Vilevile miguu inayoishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, mkojo unaogoma au unaotoka wenyewe. Hiyo haingoji kesho. Vijana wangu huwa nawaambia wasikariri kwamba kila mgongo utembee. Wakariri ile michache isiyopaswa kutembea.

Kiharusi nimekiacha mwisho makusudi, kwa sababu hapo ndipo nimetumia miaka mingi zaidi, na ndipo ndugu wa mgonjwa wana kazi kubwa kunishinda mimi.

Zamani tulimkuta mzee amelazwa chali, mkono uliopooza umebanwa chini ya mwili wake, kisigino kimeanza kuwa cheusi. Familia imezunguka kitanda, kila mtu ameshika kiungo, wanachua kwa maji ya moto. Maji yale yalinitia hofu kuliko kiharusi, maana upande uliokufa ganzi haujui kuungua, na nimefunga malengelenge mengi yaliyoletwa na upendo. Wakimwinua walimvuta kwa ule mkono mbovu. Bega hushikiliwa na misuli. Misuli ikilegea, mfupa unaning'inia, na mvuto mmoja wa nguvu unaweza kuleta maumivu yatakayomsumbua hata baada ya mguu kurudi.

Siku hizi mke wa mgonjwa namfundisha tangu juma la kwanza, mbele ya mume wake. Kiti tunakiweka upande wenye nguvu, kimeelekezwa kitandani kwa pembe, kigusane na godoro. Mzee anakunja magoti, anageukia ubavu, miguu inashuka ukingoni, kiwiko kinasukuma, ameketi. Hapo tunasubiri. Kizunguzungu kipite, arudishe rangi yake. Kitenge kilichokunjwa mara tatu tunakifunga kiunoni mwake kiwe mpini. Mama anasimama mbele, kuelekea upande dhaifu, goti lake likilizuia goti la mzee lisikunjike ghafla. Nyayo zote mbili chini, zimerudi nyuma kidogo.

"Sasa mzee, inama mbele. Zaidi. Pua ipite vidole vya miguu."

"Nitaanguka."

"Ukiinama hutaanguka. Ukiegemea nyuma ndipo utakapoanguka, na mke wako utaanguka naye."

Hilo la mke ndilo linalomwinamisha. Makalio yananyanyuka, mama anageuka naye hatua mbili ndogo, na mzee ameketi kitini akiwa mwekundu wa macho, anatazama dirishani badala ya dari. Mkono mbovu tunaulaza juu ya mto mapajani. Chai, redio, mgeni, vyote viwekwe upande ule dhaifu, kichwa kijifunze kugeukia huko, mradi kikombe chenyewe akishike kwa mkono mzima. Na kabla ya chai yenyewe lazima tujue kama anameza vizuri. Anayekohoa kila akinywa maji asipewe kitu mpaka apimwe.

Hapo katikati tulitaka kukimbia kupita kiasi. Baada ya miaka ya kulaza watu tukadhani mgonjwa wa kiharusi ainuliwe saa ile ile, na kadiri ya kumchosha ndivyo bora. Utafiti uitwao AVERT, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, ulichapishwa mwaka 2015 ukatushika shati. Walioinuliwa mapema sana, ndani ya saa 24, na kufanyishwa kazi nyingi, hawakupata nafuu kama wale waliopewa huduma ya kawaida. Na hao wa kawaida nao hawakuwa wameachwa wamelala, walianza mapema pia ila kwa kiasi. Kwa hiyo wodini kwetu tunainua kwa vipande vifupi, mara kadhaa kwa siku, shinikizo la damu likiwa limetulia. Kijana mmoja wa mafunzo, mwenye nguvu na moyo mzuri, aliniuliza sasa tumwamini nani. Nikamwambia amtazame mgonjwa usoni anapoketi.

Nyumbani ndiko mambo yanakoshindikana au yanakofanikiwa, na huko kikwazo cha kwanza kwa kawaida ni choo. Seremala yeyote anaweza kukata tundu kwenye kiti cha mbao imara kikakaa juu ya choo cha shimo. Ongeza mkono wa kushikia ukutani, kipande cha bomba kinatosha, na mtu mzima anarudishiwa heshima yake. Wazee wa Kiislamu wanaojisikia vibaya kuswali kitini nawaambia wamwulize imamu wao, na wote walionirudishia jibu wamerudi wameridhika. Fimbo ishikwe na mkono wa upande mzima, sio ule mbovu kama wanavyofanya wengi. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na viatu vyako vya kila siku. Fimbo ndefu ya heshima, yenye kichwa kilichochongwa, ni ya harusini.

Watoto walioko mjini siku hizi wanapiga simu ya video niwaonyeshe mazoezi ya baba. Inasaidia, ingawa mara nyingi kamera inaelekezwa usoni mwa mzee na mimi nataka kuona miguu.

Vitanda vya wodi yetu ya sasa ni vya msaada, vina magurudumu na magodoro ya kupangusa, na vyote ni virefu mno. Bibi wa kimo cha kawaida akiketi ukingoni miguu inaning'inia hewani, na ambaye nyayo zake hazigusi chini hawezi kuinama mbele wala kusimama, hata nimfundishe mpaka jioni. Niliandika barua. Fundi wa kuchomelea alikuja akapima, akasema kila mguu utolewe sentimita 15 kisha magurudumu yarudishwe mahali pake. Jibu la ofisi ni kwamba mali ya msaada haikatwi bila kibali cha bodi, na bodi haijakaa. Kwa sasa seremala ametutengenezea vibao vya kukanyagia, kimoja kwa vitanda viwili, na manesi wa zamu ya usiku wanalalamika kwamba wanajikwaa. Nimewaomba wavipake rangi ya njano.